Kichwa cha Mdogo Wangu

Mwezi uliopita, baada ya mkutano wetu wa Jumamosi, msichana mmoja alishika paji la uso akasema kwamba kichwa kinamwuma tangu Jumatatu. Mwenzake akamjibu papo hapo: « Kunywa maji, meza parasetamoli, acha kulialia. » Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Njiani kurudi nyumbani kicheko kile kilinichoma, kwa kuwa maneno yayo hayo niliyatamka mimi mwenyewe kwa muda wa miaka miwili, nikimwambia mtoto wa mama yangu. Naomba niwasimulie habari zake. Ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisiandike jina lake.

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 14 alipoanza kulalamika. Maumivu yalikaa upande mmoja tu, upande wa kuume, nyuma ya jicho, nayo yalipiga kwa kufuata mapigo ya moyo. Hayakuja kila siku. Yalikuja mara mbili au tatu kwa mwezi, hasa baada ya kupanda mlima wetu wa Kadutu akiwa na dumu la maji begani. Sisi wa nyumbani tulikuwa na majibu tayari. Jibu la kwanza lilikuwa malaria, la pili homa ya matumbo, na la tatu, ambalo lilikuwa langu, uvivu. Kwenye kituo cha afya alipimwa damu mara nyingi. Mara nyingine vijidudu vya malaria vilionekana kweli, akapewa dawa, kichwa kikatulia siku kadhaa, nasi tukahesabu kwamba tumeshinda. Jambo hilo ndilo linalowapoteza wengi: mtu aweza kuwa na malaria ya kweli, na bado kichwa chake kikawa na sababu nyingine kabisa.

Usiku mmoja aliniamsha. « Yaya, » akasema, « sikioni mwangu mna mto. »

« Mto gani? »

« Maji yanapita. Yanakwenda na kusimama, yanakwenda na kusimama. »

Wanaoishi Bukavu wanajua jinsi maji ya mvua yanavyoshuka mitaroni kwa kishindo. Nikamwambia kwamba anausikia mtaro. Akanijibu kwa upole kwamba hakuna mvua. Nasi kweli tulikuwa katikati ya kiangazi, mwezi wa saba. Nikageukia ukutani nikalala. Leo najua kwamba aliyoyasema yalikuwa maelezo sahihi kuliko yote tuliyokuwa tumeyasikia kutoka kwa wakubwa. Zamani, kabla ya mashine za picha, madaktari waliweka chombo cha kusikilizia juu ya fuvu la mgonjwa, wakitafuta mvumo wa damu ipitayo kwa kasi isiyo ya kawaida. Mtoto alikuwa ameusikia bila chombo, nami sikumsikia yeye.

Alipofikia miaka 16 alianguka darasani, katika somo la hesabu. Wenzake walisimulia kwamba kidole gumba cha mkono wa kushoto kilianza kutetemeka peke yake, naye alikuwa akikitazama kwa mshangao. Kisha mkono wote, kisha akaanguka kati ya madawati. Darasa zima lilikimbia mlangoni. Mnajua sababu: kwetu watu husadiki kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Si kweli hata kidogo. Msichana mmoja tu alibaki. Alimwekea sweta yake chini ya kichwa, akasogeza madawati, akamlaza ubavu ili mate yatoke, na mvulana mmoja aliporudi na kijiko akitaka kukipenyeza kati ya meno, yule msichana alimkatalia. Alikuwa amejifunza hayo katika kikundi cha vijana kama hiki chenu, katika zoezi la huduma ya kwanza ambalo wengi hulihudhuria kwa kupiga soga. Mshtuko ulikwisha baada ya dakika mbili au tatu.

Jioni ya siku ya pili Baba mkubwa aliita kikao cha ukoo.

Sehemu hii ya habari ningependa kuiruka, lakini ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tunaye shangazi, mjane asiyejaliwa mtoto, mwuzaji wa sambaza sokoni. Mama alipougua baada ya kumzaa mdogo wangu, shangazi huyo ndiye aliyembeba mgongoni miezi mingi. Jumapili kabla ya tukio la darasani alikuwa amemletea sambaza za kukaanga katika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Baba mkubwa, kaka yake wa tumbo moja, aliuliza kwa sauti ya chini: « Alimpa nini kingine? » Hakusema zaidi ya hapo. Kwetu neno lenyewe halihitaji kutajwa. Katika mkoa wetu wamekuwapo wanawake wazee waliochomwa moto kwa ajili ya swali kama lile, likitoka nyumbani na kufika barabarani.

Shangazi hakujitetea. Aliwatazama watu mmoja mmoja, na alipofika kwangu akasimamisha macho. Nilikuwa na miaka 24, mwalimu mwenye diploma, mtu aliyeongoza sala za vijana kila Jumamosi. Nikatazama sakafu.

Aliyetutoa katika giza lile alikuwa daktari kijana wa hospitali moja ya mjini. Hakuwa na mashine kubwa. Alikuwa na maswali. Aliuliza ni mkono upi ulioanza kutetemeka. Wa kushoto, tukamjibu. Kichwa huuma upande upi? Wa kuume. Siku zote? Siku zote. Ndipo alipoweka kalamu chini akatueleza kwamba upande wa kuume wa ubongo ndio unaoamuru upande wa kushoto wa mwili, na kwamba dalili hizo mbili zilikuwa zikielekeza kidole mahali pamoja. Akataka picha ya ubongo, iliyopigwa kwa mashine ya sumaku, na wakati ule ilitubidi kuifuata Kigali.

Mama aliuza cherehani. Jumuiya yetu ilichanga. Shangazi alileta dola 40 zilizofungwa katika pindo la kitenge, na Baba mkubwa akasema zisiguswe. Mama alizichukua mbele yake, akazihesabu kwa sauti, akazitia kifuani. Tukavuka Ruzizi asubuhi, tukapita msitu wa Nyungwe kwa basi, mdogo wangu akitapika katika kila kona.

Daktari wa Kigali alizungumza nasi Kifaransa, na mahali Mama aliposhindwa alijaribu Kiswahili. Aliibandika picha kwenye kioo chenye mwanga. Upande wa kuume wa ubongo palikuwa na kitu kama mizizi ya muhogo uliong'olewa, nyeusi, iliyosokotana. Hakikuwa kivimbe, akasema, wala mdudu. Ilikuwa mishipa ya damu iliyojengwa vibaya. Kwa Kifaransa madaktari huiita kwa kifupi MAV.

Nawaeleza kama alivyotueleza, maana sijasikia maelezo bora. Damu hutoka moyoni kwa nguvu kupitia mishipa yenye kuta nene, iitwayo ateri. Kabla ya kurudi moyoni kupitia vena, ambazo kuta zake ni nyembamba, hupita katika vishipa vidogo sana, vyembamba kuliko unywele, viitwavyo kapilari. Humo ndimo inapopunguza mwendo na kugawa hewa na chakula kwa mwili. Kwa mdogo wangu, mahali pale, kapilari hazikuwapo. Ateri ziliingia moja kwa moja katika vena. « Chukueni bomba kubwa lishukalo kutoka kileleni, » alisema, « mkaliunganishe na mfereji wa udongo. Siku nyingi mfereji utavumilia. » Maji yapitayo pale kwa kasi ndiyo yaliyokuwa mto wa sikioni. Kuta zilizovutwa na kutanuka ziliweza kuleta maumivu ya kichwa. Na ubongo uliokuwa jirani, uliosumbuliwa na mkondo ule, ndio uliomtikisa kidole gumba.

Mama aliuliza swali moja: « Ni nani aliyemfanyia hivi? » Daktari hakucheka. Alisema kwamba kwa kawaida kasoro hii hudhaniwa kuanza mtoto akiwa angali tumboni, wakati mishipa inapojifuma, na kwamba mara nyingi hakuna aliyekosa. Mama akaomba arudie sentensi hiyo kwa Kiswahili. Akairudia.

Kasoro hii ni adimu. Hukadiriwa kwamba yaweza kuwapata watu wazima 10 hadi 18 katika kila 100,000. Wengi wao hawajui, na baadhi hufa wazee kwa sababu nyingine bila kujua. Karibu nusu ya wanaogunduliwa hugunduliwa kwa sababu mshipa umepasuka na damu imevuja ndani ya ubongo. Wengine kwa kifafa. Wengine kwa kichwa kinachouma tu, kama yeye alivyoanza. Daktari alisema hatari ya kuvuja, kwa wastani, ni watu 2 hadi 4 katika 100 kila mwaka. Kwa asiyewahi kuvuja huwa upande wa chini wa kipimo hicho, na kwa aliyekwisha kuvuja hupanda, hasa katika mwaka wa kwanza. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Usiku ule katika nyumba ya wageni nilikokotoa nyuma ya tiketi ya basi: 2 katika 100, kwa miaka kumi, ni karibu 18 katika 100. Kwa miaka hamsini ni zaidi ya nusu. Nikaichana tiketi kabla Mama hajaamka.

Sasa mtaniuliza kwa nini hakukatwa. Ukoo wote uliuliza hivyo, na kwa hasira, tuliporudi na dawa na karatasi tu. Inawezekana kukata. Inawezekana pia kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, kutoka pajani hadi ubongoni, na kuziba kifundo kwa gundi. Au kukichoma kwa miale iliyolengwa, njia iliyoanzia Stockholm kwa mashine ya Lars Leksell mwaka 1968, ambayo huchukua miaka miwili au mitatu hadi mishipa izibe. Lakini kifundo cha mdogo wangu kilikuwa kikubwa, kilizama ndani, na kilipakana na sehemu inayouongoza mkono. Tangu mwaka 1986 wapasuaji wana kipimo cha kupanga hatari hizo: ukubwa, mahali, na njia inayotolea damu. Kwa kipimo hicho, kisu kingeweza kumletea kupooza ambako mshipa wenyewe haukuwa umemletea bado. Miale ingetulazimu kwenda mbali na kulipa maelfu ya dola.

Hata madaktari wenyewe hawakubaliani katika jambo hili, na nilipolisoma baadaye nilipata faraja ya ajabu, kwamba shaka yetu haikutokana na ujinga. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 ulifuata watu wazima 223 ambao mishipa yao ilikuwa haijapasuka. Waliopewa dawa za dalili tu walikuwa 109, na kati yao 11 walipatwa na kifo au kiharusi. Waliotibiwa ili kifundo kiondolewe walikuwa 114, na kati yao 35 walipatwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Wapasuaji wengi walipinga wakisema kwamba wastani wa miezi 33 ni muda mfupi mno kwa mtu mwenye miaka hamsini mbele yake. Wote wana haki, kwa kadiri ninavyoona. Mdogo wangu alisikiliza hoja zote mbili akasema: « Mkono wangu naupenda. Tungoje. »

Kungoja si kazi nyepesi. Katika usomaji huo nilikutana na habari za Jill Bolte Taylor, Mmarekani, mtaalamu wa ubongo, aliyeamka asubuhi ya tarehe 10 Desemba 1996 akiwa na maumivu nyuma ya jicho la kushoto. Alikuwa na miaka 37. Katika saa nne hakuweza tena kutembea, kusema, kusoma wala kukumbuka maisha yake. Kilichopasuka kilikuwa kifundo kama hiki. Mama yake alihamia kwake, akamfundisha upya kama mtoto mchanga, na kupona kwake kulichukua miaka minane. Nilisoma pia juu ya Tim Johnson, seneta wa huko huko Marekani, ambaye mwezi Desemba 2006 maneno yalimkatika kinywani alipokuwa akizungumza na waandishi wa habari kwa simu. Alipasuliwa usiku huo, na Septemba iliyofuata akarudi kwenye kiti chake. Wote wawili walikuwa na hospitali kubwa umbali mdogo kutoka nyumbani. Sisi tuna Ruzizi, na mpaka wa kuvuka.

Kwa hiyo nyumbani tumekubaliana juu ya mambo tutakayoyatazama. Kichwa kikimpiga ghafla kama nyundo, kuliko siku zote. Akitapika na shingo ikakakamaa. Mkono au mguu ukilegea, uso ukienda upande, maneno yakivurugika, macho yakififia. Mshtuko ukipita dakika tano: hatungoji asubuhi, wala hatuiti kikao. Jirani mwenye pikipiki anajua. Aspirini, ambayo Mama alizoea kumpa kama peremende, daktari ameikataza, kwa kuwa huzuia damu kuganda. Haogelei ziwani peke yake, hapandi juu ya paa. Anameza dawa za kifafa asubuhi na jioni, na tangu Kigali ameanguka mara mbili tu. Mojawapo ilikuwa wiki ambayo dawa zilikosekana dukani.

Shangazi alikuja kuiona picha miezi kadhaa baadaye. Alipitia mlango wa nyuma. Aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye dirisha, akaitazama muda mrefu.

« Ilikuwamo tangu azaliwe? »

« Daktari anadhani ndivyo, Shangazi. »

« Nilipokuwa nikimbeba mgongoni, ilikuwamo? »

« Ilikuwamo. »

Akanyamaza. Kisha akasema: « Ningalijua, ningalitembea polepole. »

Nikapiga magoti nikamwomba msamaha kwa ajili ya kikao kile. Akaniinua kwa mkono, akasema kwamba alikuwa ameona kwamba niliogopa, na kwamba sasa amechoka, nimpe maji. Sijui kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Baba mkubwa hakuwahi kuiona picha. Alisema picha za kizungu haziwezi kuonyesha kila kitu. Hadi leo shangazi hapiti mbele ya nyumba yake, na sokoni wapo wanawake wawili ambao hawanunui kwake tena.

Mdogo wangu sasa ana miaka 22. Anatengeneza simu katika kibanda karibu na soko, kazi ya vidole, kwa mikono yote miwili. Kichwa bado humwuma. Nikipita kibandani asubuhi namwuliza: « Mto? » Naye hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye bisibisi: « Umelala, » au « Unapita. » Siku anaposema unapita, hufunga mapema.

Tuwe waangalifu, hata hivyo, tusije tukaanza kuona mizizi ya muhogo katika kila kichwa. Sehemu kubwa mno ya maumivu ya kichwa haina uhusiano wowote na jambo hili. Juzi nilikwenda kwa yule msichana wa mkutano wetu, nikaketi naye uani, nikamwuliza maswali niliyojifunza kwa daktari kijana: upande gani, tangu lini, saa ngapi. Akasema ni kichwa kizima, hubana kama kamba, huanza karibu na saa sita mchana, akiwa darasani, na jioni hupoa. Nikamwuliza kama huona vizuri ubaoni. Akasema anaona.

Nikamwuliza asubuhi hula nini kabla ya kwenda shuleni. Akatazama chini, akaanza kuchora mchangani kwa kidole cha mguu.